Uzi Mnene

Kanda ilimfikia mzee mikononi mwa msafiri, pamoja na ujumbe mmoja kutoka kwa kaka yake aliyebaki Unguja: asikilize wimbo wa mwisho. Wakati huo mzee alikuwa na redio ndogo ya kaseti, na ndani yake udi, fidla na akordioni vilisikika vyema. Kaka yake, aliyepiga besi kubwa ya kusimama katika kikundi cha taarabu, hakusikika. Mwishoni mwa wimbo ule ala zote zilinyamaza na besi ikabaki peke yake. Mzee aliambulia mkwaruzo wa vidole tu. Walikuwa wameagana vibaya. Akauhesabu ule ukimya kuwa ndilo jibu.

Miaka mingi baadaye kaka alikuwa ameshafariki, na mzee, sasa mstaafu katika nyumba yake ya Leicester, alinunua mtambo mpya wa muziki na sabufa moja nzito. Aliiweka katikati ya ukuta anaochangia na jirani. Kiti chake kilikuwa katikati ya chumba, juu ya zulia, mahali pa mwenye nyumba. Ukimya ukawa uleule. Alipoongeza sauti, jirani aligonga ukuta, ilhali yeye pale kitini hakupata alichokitafuta. Akaamini kwamba kanda haikumnasa marehemu, au kwamba masikio yake yamekwisha.

Aliyemtoa katika imani hiyo ni binti yake. Alikuja kumtazama siku moja, akasimama na sinia ya chai huku ameegemea ukuta wa upande wa pili.

“Baba, mbona ami anasikika vizuri hivi?”

Mzee alidhani anabembelezwa. “Mwanangu, hapo pana mkwaruzo tu.”

“Njoo usimame hapa nilipo.”

Alisimama pale hadi upande wa kanda ukaisha. Chai ikapoa.

Uzi mnene wa besi kubwa, kwa mfungo wake wa kawaida, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, hivyo wimbi la noti hiyo lina urefu wa mita 8 na ushei. Chumba cha mzee kilikuwa na mita 4 na sentimita 20 toka ukuta hadi ukuta: karibu nusu kamili ya wimbi. Katika chumba kama hicho noti hiyo hugonga ukuta, ikarudi, ikajikuta inapishana na nafsi yake. Kwenye kuta hurundikana, katikati hufifia. Mfano wake ni ngalawa ambayo mtu mmoja anairukiarukia kwenye tezi: ncha zake hupanda na kushuka, lakini aliyekaa kati hasogei sana. Kurukaruka kwa nguvu zaidi hakumsaidii yeye. Huwatesa wa kwenye ncha. Ndiyo maana jirani alisikia kuliko mwenye kanda.

Dawa ni mtu wa pili kwenye omo, akandamize kwa wakati uleule na kwa uzito uleule. Hapo chombo hakiyumbi tena. Huzama na kuinuka kizima, na wa kati hupata haki yake. Mwaka 2002 Todd Welti, mtafiti wa kampuni ya Harman, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya idadi ya sabufa zinazotosha katika chumba cha mstatili. Nne, kila moja katikati ya ukuta wake, zilifanya vizuri sana. Mbili, katikati ya kuta zinazokabiliana, hazikuachwa mbali. Na kuzidisha mno idadi hakukuleta faida ya maana.

Binti alinunua sabufa ya pili iliyofanana na ya kwanza. Walipima kwa futi ya fundi, wakaiweka ukutani alipokuwa ameegemea, wakahakikisha kwamba zote mbili zinasukuma hewa kwa pamoja na kwa kiwango kimoja. Kisha mzee akapunguza sauti kuliko alivyozoea, akakaa kitini.

Wimbo wa mwisho ulipofika mwisho wake, ala zikanyamaza. Besi ikateremka polepole hadi uzi mnene, ikarudia mara nne ile njia ambayo ndugu wawili hao walikuwa wakiiimba utotoni wakirudi kutoka chuoni. Mara ya tatu mpigaji alichelewa nusu pigo, kama ilivyokuwa kawaida yake.

“Kachelewa,” alisema mzee, na akamwomba binti airudishe kanda nyuma.