Alama Mbili za "Put Off"

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa Tanzania. Nilipoingia Kidato cha Kwanza, karibu kila somo likageuka Kiingereza. Sikuelewa, ila nilijua kukariri. Nilikariri hadi chuo cha ualimu, hadi siku niliposimama mbele ya Kidato cha Pili na chaki mkononi, nikifundisha lugha niliyokuwa naiogopa.

Tegemeo langu lilikuwa kamusi. "Put" ni weka. "Off" niliijua kwenye swichi ya taa. Basi nilipowapa zoezi la kutafsiri sentensi ya mkutano uliokuwa "put off", jibu langu lilikuwa "umezimwa". Binti mmoja mkimya akaandika "umeahirishwa". Nikamnyima alama mbili. Alipokuja kuuliza, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba anabuni maneno. Wakamcheka, nami nikawaacha wacheke.

Mkuu wetu wa idara, mzee aliyekaribia kustaafu, aliyaona yale madaftari. Angeweza kunisema mbele ya walimu wote, na ningestahili. Alisubiri wenzetu watoke ofisini, akavuta kiti.

"Mwanangu, mtu akipiga pasi, amempiga nani?"

Nikanyamaza.

"Na akipiga simu? Akipiga magoti? Anayekula kiapo, anatafuna nini?"

Kiswahili nimekizungumza tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba nacho huunganisha maneno mawili yakazaa maana ya tatu. Mzee akaendelea taratibu. "Put off" ni kuahirisha. "Put out" ndiyo kuzima, moto au taa. "Put up with" ni kuvumilia. Ukitumia "it", husema "put it off", kamwe si "put off it". Lakini "put up with it" haigawanyiki. Nilimwuliza mara tatu, akanijibu mara tatu kwa upole uleule.

Kisha akaniambia kuwa "put off" ina maana nyingine pia: kumwondolea mtu hamu ya jambo. Hakumtaja yule binti. Hakuwa na haja.

Mwalimu mwenzangu unayekariri usiku huu majibu ya kesho, nakuelewa, maana hata baada ya kufunuliwa bado niliogopa. Siku mbili niliingia darasani nikatoka bila kusema. Siku ya tatu Mungu alinipa nguvu. Niliwaambia nimekosea, nikamwomba binti radhi mbele ya wale waliomcheka.

"Asante, mwalimu," alisema, akanipa daftari lake. Nikaikata ile alama ya kosa, nikamrudishia alama zake mbili. Hakunyoosha mkono tena darasani hadi muhula uliofuata.