Hesabu kwa Lugha ya Nyumbani



Hapa Bunia, mtu akitoka sokoni kwenda kanisani atasikia Kiswahili, Kilingala, Kilendu, Kialur, Kilugbara, Kibira na Kifaransa cha ofisi. Kibira ni ndugu wa Kiswahili, Kialur ni ndugu wa Kiacholi, na Kilendu kina ukoo mwingine kabisa. Mimi hutafsiri matangazo baada ya Misa, nami naona kwamba mchoro wa hesabu hushinda tangazo lo lote kwa ugumu.

Tulilijua hilo wakati wa Ebola, iliyotangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikafika Ituri, ikaisha tarehe 25 Juni 2020. Upo mchoro wa jumla ya wagonjwa tangu mwanzo. Mstari wake haushuki kamwe: ugonjwa ukipungua, hupanda polepole, ukiisha, hulala sawa. Mkalimani akisema tu "mstari wa ugonjwa", mama anayetazama ataona mauti yanazidi kila juma, wala hatasadiki akiambiwa kuna nafuu. Yafaa aseme: "Hawa ni wote waliougua tangu siku ya kwanza, pamoja na waliopona na waliozikwa." Maneno yameongezeka, lakini hofu imepungua.

Mchoro wa duara Wafaransa huuita kwa jina la jibini yao, camembert. Ya nini kuichukua jibini hiyo mpaka kijijini? Tuseme duara lililokatwa mafungu, kama mkate uliogawanywa mezani. Na "asilimia" ni neno jema kwa aliyesoma. Kwa bibi asiyesoma, heri kusema hivi: watu 3,470 waliugua, 2,287 wakafa, yaani katika kila wagonjwa watatu, karibu wawili walikufa. Hesabu hiyo hutosha vidole vya mkono mmoja, kwa lugha yo yote.

Wengine husema mambo haya ni ya wataalamu. Sivyo. Asiyefahamu hesabu humshuku anayehesabu, na katika miaka ile shuku iliwazuia wagonjwa wengi wasiende hospitali mapema.

Mchungaji wa Evanjili alikuwa na kondoo mia. Tisini na tisa walikuwapo, naye hakuridhika. Alimwendea yule mmoja. Basi, ndugu mkalimani, usikimbize namba. Kila mmoja aliyehesabiwa katika mchoro ule alikuwa na jina, na mama yake huenda amesimama mbele yako akisikiliza.