Msala wa Bi Harusi

Sisi tunaobuni mapambo ya harusi hapa Mikindani, Mtwara, tumeketi na bibi zetu kujifunza kusuka ukili. Tunataka msala wa bi harusi, atakaosujudia katika nyumba yake mpya, utoke mikononi mwetu badala ya kununua wa plastiki.

Ukindu huanikwa juani, huchanwa, na wa rangi huchemshwa. Kwenye kuchana ndiko subira hujaribiwa: chane zikipishana upana, ukili hupinda, na mshono haufichi. Michoro tunayo mingi daftarini, lakini bibi hututazama vidole tu.

Bi harusi mtarajiwa, usingoje wiki ya harusi. Bismillah, anza sasa, bibi angali hai.