Tulipoacha Kuilaumu Setilaiti

Nilipoanza kazi ya kutunza seva jijini Dar es Salaam, kila ucheleweshaji ulikuwa na mshtakiwa mmoja: setilaiti. Mteja akipiga simu kwamba tovuti yake haifunguki, tulimjibu kuwa mtandao ndivyo ulivyo, naye akaridhika. Ombi kupanda angani na jibu lake kurudi kulikula zaidi ya nusu sekunde kabla seva haijafanya lolote.

Julai 2009 mkonga wa SEACOM ukafika pwani yetu, na kisingizio kikaisha. Tovuti zilizokuwa Ulaya zikawa zinafunguka haraka kuliko zetu zilizokuwa chumba cha pili. Nikifungua programu ya top kwenye skrini, nilikuta prosesa imekaa bure, huku safu ya wa, inayoonyesha muda wa kusubiri diski, ikipita asilimia 80.

Diski zetu zilizunguka mara 7,200 kwa dakika. Kusogeza mkono wa kusomea, kisha kungoja sahani ifike panapotakiwa, kulichukua milisekunde 12 hivi. Kwa mwendo huo diski moja haifikishi hata usomaji 100 wa sehemu tofauti kwa sekunde. Nasi tulikuwa tumepakia mamia ya tovuti kwenye seva moja, kila ukurasa wa WordPress ukiiuliza kanzidata maswali kadhaa wa kadhaa. Hospitali nzima ilikuwa inapanga foleni kwenye dirisha moja la dawa.

Bei ya SSD ilipoanza kushikika, tulihamishia kanzidata huko kwanza. SSD haina sahani wala mkono, kwa hiyo usomaji ukawa wa sehemu ndogo tu ya milisekunde. Safu ya wa ikaporomoka karibu na sifuri, na simu za malalamiko zikapungua.

Hata hivyo, matokeo ya kidato cha nne yalipotangazwa, tovuti ya habari ya mteja wetu mmoja ililala. Safari hii diski ilikuwa imetulia. Prosesa ndiyo iliyokuwa ikihema. Maelfu ya watu walitaka ukurasa uleule, na kila mmoja alikuwa akitengenezewa upya tangu mwanzo. Tukafunga Varnish, programu ya kache iliyotoka mwaka 2006 baada ya kubuniwa kwa ajili ya gazeti la Norway, Verdens Gang. Ukurasa hutengenezwa mara moja, nakala yake ikakaa kwenye RAM, na wanaofuata wakapewa hiyo. Msimu uliofuata wa matokeo seva haikushtuka. Kero ikahamia kwa wahariri: wamesahihisha kichwa cha habari, msomaji bado anaona cha zamani. Kujua nini kifutwe na lini kukawa nusu ya kazi yetu.

Kwa hiyo unapotafuta pa kuweka tovuti yako, usitosheke na neno SSD kwenye tangazo. Uliza kama kanzidata nayo imo humo, kama kuna kache, na kama unaweza kuifuta mwenyewe. Uliza pia kuhusu nakala rudufu. Diski za zamani mara nyingi zilianza kugongagonga kabla ya kufa, lakini SSD inaweza kukata roho bila dalili. Nakala zako zikae kwenye mashine nyingine, na zijaribiwe kabla hujazihitaji.