Kutoka Luano Hadi Brussels: Karatasi za Mtoto

Wamama wapenzi, wengi mmeniuliza safari yangu ya likizo ilikuwaje. Nilikwenda Ubelgiji kumsaidia mdogo wangu aliyejifungua, nikamchukua binti yangu wa miaka 7. Leo sitawasimulia majumba niliyoyaona. Nitawasimulia milango tuliyopita, maana ndiyo iliyonifundisha.

Hapa kwetu Lubumbashi, uwanja wa Luano, kazi ni karatasi. Kwanza Go-Pass, ile kodi ya viwanja vya ndege iliyoanza mwaka 2009. Kisha karte ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano. Kisha wakaomba ruhusa ya baba wa mtoto, yenye sahihi na muhuri. Karatasi hiyo ilikuwa imenichukua siku tatu za kupanda na kushuka, nami nilinung'unika sana: mimi ndiye mama, nimwombe nani tena ruhusa? Sanduku walilifungua kwa mikono, wakapekua hadi chini.

Addis Ababa, tulipobadilisha ndege, kazi ni mashine. Tulivua viatu, mkanda na saa. Chupa ya mawese aliyonipa mama yangu ilibaki pale, na kosa ni langu: niliiweka katika mfuko wa mkononi. Tangu mwaka 2006, baada ya polisi wa London kugundua mpango wa kulipua ndege kwa vinywaji, nchi nyingi zinakataa chupa inayozidi mililita 100 mkononi. Mawese yangeingia katika sanduku kubwa, yangefika.

Brussels, kazi ni maswali. Askari aliyeketi nyuma ya kioo hakugusa mzigo. Niliweka vidole kwenye mashine, aone kama ni vile nilivyotoa nilipoomba viza. Unakwenda kwa nani? Siku ngapi? Tiketi ya kurudi iko wapi? Halafu akatazama pasipoti ya mtoto, akanitazama mimi.

“Madame, huyu ni mtoto wako? Hamfanani majina.”

Wamama, moyo ulinidunda. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake: la nyanya, la shangazi, la marehemu. Kule mtoto huchukua jina la mzazi. Askari akamwinamia binti yangu: “Huyu ni nani wako?” Mtoto aliogopa, akanyamaza. Nilitaka kumjibia, nikaonyeshwa mkono ninyamaze.

Ndipo nilipotoa cheti cha kuzaliwa, chenye jina langu na la baba yake, pamoja na ile ruhusa niliyoinung'unikia. Vyote viko kwa Kifaransa. Akasoma polepole, akagonga muhuri.

Tulipotoka, binti akaniuliza: “Mama, walitaka kunichukua?” Nikamjibu: “Hapana. Walitaka kujua kama si mimi niliyekuchukua.”

Tangu siku hiyo silaumu tena swali lile, kwa sababu wako watoto wanaopitishwa mipakani na watu wasio wazazi wao. Basi, mama anayesafiri na mtoto, beba cheti cha kuzaliwa na ruhusa ya baba katika mfuko wa mkononi, siyo ndani ya sanduku. Na kabla ya kuondoka, keti na mtoto, umwambie ataulizwa nini, na kwamba asiogope kusema: “Huyu ni mama yangu.”