Sinema Ndani ya Ngome

Msomaji, mwezi wa Julai Tukuyu ni baridi. Vaa koti, panda basi mpaka Dar es Salaam, kisha meli mpaka Unguja. Huko koti utalivua.

Utaiona Ngome Kongwe, ya mawe, yenye umri wa miaka zaidi ya 300. Humo ndimo zimeonyeshwa filamu za Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, lililoanza 1998. Huitwa pia Tamasha la Nchi za Jahazi. Zawadi yake kubwa ni Jahazi la Dhahabu.

Jahazi halipandi Mlima Rungwe, najua. Lakini tamasha hilo limewahi kupeleka sinema vijijini, Unguja na Pemba. Wakulima walitazama bila kwenda mjini. Na sisi wa Rungwe je? Ukuta mweupe tunao, na Julai mvua hupungua.