Kila Mtutu na Kipimo Chake

Bunduki ya kwanza niliyoizoea haikujua ganda la risasi. Ilikuwa gobore la babu mzaa mama, aliyelima mpunga na mahindi upande wa Makurunge, nje kidogo ya mji wa Bagamoyo. Adui yake mkubwa alikuwa nguruwe pori. Baruti aliiweka ndani ya pembe iliyozibwa kwa nta, fataki ndani ya kikopo cha marhamu, na kipimo chake kilikuwa kipande cha mwanzi kilichong'aa kwa kushikwa.

Humimina baruti kwa ule mwanzi, akagonga kitako chini taratibu, akatia usumba wa nazi na kushindilia kwa mdeki. Ndipo hutia goroli, na usumba tena juu yake. Halafu huuacha mdeki ndani ya mtutu, akapima kwa vidole sehemu iliyobaki nje: vidole vinne kwa nguruwe, vitatu kwa kanga. Vikizidi, huchokoa yote na kuanza upya, hata kama nguruwe wameshaingia kondeni.

Siku moja alikuja kijana wa jirani kuuazima mwanzi.

"Marahaba, mwanangu," babu alimjibu. "Baruti nitakupa, na chakula utakula hapa. Lakini kipimo hiki ni cha mtutu huu. Ukikitia kwenye wako, kitakutoa jicho."

Sikulisahau jibu hilo. Babu aliifahamu bunduki yake moja: mtutu wake ulivyolika, baruti iliyoupendeza, ukubwa wa goroli uliopita bila kulegea wala kukwama. Elimu ile haikuwa na faida kwenye bunduki ya mwingine, na nimeona jinsi ilivyotoweka pwani hii hatua kwa hatua.

Kwanza inafaa kujua kwa nini magobore yalidumu huku muda mrefu hivyo. Si kwamba watu walikosa habari za bunduki mpya. Mwaka 1888, Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka, na Bagamoyo ndiyo iliyokuwa lango kuu la misafara ya kwenda Tabora na Ujiji. Mwaka huohuo Abushiri bin Salim na watu wa mrima waliwainukia Wajerumani. Bagamoyo ikapigwa, Saadani ikashikiliwa na mtawala wake, Bwana Heri, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Kisha, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yakatia saini mkataba wa Brussels. Mkataba ule ulizuia kuuza bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kujazwa kwa nyuma katika sehemu kubwa ya Afrika, kutoka nyuzi 20 kaskazini hadi 22 kusini. Zikaruhusiwa za gumegume, zenye mtutu laini, na baruti ya kawaida. Mkataba ulijinadi kuwa ni wa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa sehemu ulikuwa hivyo kweli. Lakini ulimwachia mwenyeji silaha ya kizamani huku dola zikibaki na za kisasa, na mimi naiita hiyo dhuluma.

Hatua ya pili ya habari hii iko kaskazini zaidi, kwenye ghuba ya Manza, karibu na Tanga. Sidhani wengi wanaopita huko wanajua kwamba maji yale yaliwahi kujaa risasi. Aprili 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, iliingia meli ya Wajerumani, Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth. Nahodha Carl Christiansen aliizamisha kwenye maji ya kina kifupi, Waingereza wakaipiga mizinga, wakaondoka wakiamini imekwisha. Haikuwa imekwisha. Wapiga mbizi waliingia wakatoa bunduki na shehena kubwa ya risasi.

Shehena ile ilihitajika mno. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika vita vile, walikuwa bado na Mauser za mwaka 1871, ambazo kila zikilia hutoa wingu la moshi linalomwonyesha adui mahali pa kulenga. Ila risasi za Rubens zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, na kadiri siku zilivyopita zilizidi kukataa kulia. Lettow-Vorbeck ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba kule Moshi askari waliwekwa kwa miezi, asubuhi hadi jioni, kuzifungua zote, kusafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki. Zilizokuwa nzima ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha tu. Kati ya zile zilizoundwa upya, zilizokataa kulia karibu 20 katika kila 100 zilihesabiwa kuwa zinafaa vitani, na zilizokataa zaidi zikaachwa kwa mazoezi.

Nikiwafikiria askari wale wamekaa mkekani na maganda mbele yao, naona jambo ambalo babu asingelikubali. Risasi iliyotoka mikononi mwao ilibidi iingie katika bunduki ya askari yeyote. Jeshi haliwezi kuishi vingine. Hapo mtutu mmoja mmoja ulikoma kuulizwa unataka nini.

Hatua ya tatu niliiona nyumbani kwetu. Bunduki ya mjomba ilikuwa ya marisau, na risasi zake zilitoka dukani ndani ya boksi, zikihesabiwa kwenye leseni. Sisi watoto tuliokota maganda tukayapuliza kama filimbi. Mjomba hakuwa na mwanzi wala pembe, na hakuvihitaji. Baadaye nafasi ya bunduki pwani ikazidi kubanwa: Saadani ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Sheria ya silaha ya 1991 ikafuatwa na nyingine ya 2015, iliyokaza masharti. Mwaka 2022 Serikali ilitoa msamaha kwa watakaosalimisha kwa hiari silaha wanazomiliki kinyume cha sheria, yakiwemo magobore. Naunga mkono. Gobore lililochomelewa na fundi wa uchochoroni limewaumiza wengi, na majangili wameyatumia magobore vibaya.

Kwa hiyo nilishangaa nilipoikuta elimu ya babu Marekani, kwa mtoto wa mjomba anayeishi Minnesota na kuwinda paa kila vuli. Ana meza ya kujazia risasi mwenyewe, na juu yake kalibu za chuma. Akanieleza kwamba baruti ikiwaka, shaba ya ganda hufura mpaka iguse kuta za chemba, na ikipoa hairudi yote. Kalibu ya mwili mzima hulibana ganda hadi lirudie kipimo cha kiwandani. Kalibu ya shingo hubana shingo peke yake, ishike risasi, na mwili ukabaki na umbo la chemba ile iliyoufurisha. Shaba haichoki upesi, na ganda hukaa mahali pake barabara.

Kalibu za shingo alikuwa nazo mbili. Moja hubadilishwa pete ndani: unapima shingo ya risasi iliyokwisha kujazwa, ukachagua pete pungufu kwa inchi 0.001 au 0.002. Ya pili, ya Lee, huibana shingo kutoka nje kwenye kijiti cha chuma kilichomo ndani, wala haihitaji mafuta. Zote zina mwisho wake. Baada ya kujazwa mara kadhaa, ganda huanza kuwa gumu kuingia na kutoka, na hapo lazima mabega yake yarudishwe nyuma kidogo. Kila boksi aliliandika jina la bunduki yake, kwa kuwa ganda lililozoea chemba moja huenda lisiingie nyingine.

Nilimuuliza ni kalibu gani huitumia anapokwenda porini.

"Ya mwili mzima, kaka," alisema. "Ya shingo naipenda nikipiga karatasi. Msituni kuna mchanga na baridi, na mnyama aliyejeruhiwa hangoji nivutane na bunduki. Lakini hata hiyo naishusha kwa kipimo cha bunduki hii. Nikinunua nyingine, nitapima upya."